Na Deni

Limelala Kibirizi juu ya magogo matatu,
ubavu mmoja unatazama matangi ya mafuta,
wa pili unatazama Kongo.
Mbuzi wa Feruzi wamelifanya zizi.
Zamani liliandikwa HAKUNA DENI
kwa rangi nyeupe, herufi nene kama za dukani.
Jua limekula mwanzo wake.
Sasa linasomeka NA DENI,
na Feruzi, mwenye mali, hacheki.

Milioni moja na laki mbili, anasema.
Bila injini. Bila mbuzi.

Nimekuja na fundi Ntahondi na bisibisi yake.
Haongei. Anachoma mbao
kama nesi anayetafuta mshipa.
Taruma la kwanza, gumu. La pili, gumu.
La tano, bisibisi inazama hadi mpini
na kutoka na unga mwekundu,
unga ule ule wa nguzo za nyumba ya baba
mwaka tuliosema "bado, bado"
mpaka paa likatujibu.
Anaunusa. Anainama kwenye mkuku,
anagonga kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, kama mgeni,
na mkuku unaitika.
"Mvule," anasema.
Neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Mimi nauza mawese soko la Mwanga.
Madumu yangu hupanda maboti ya watu kutoka Ilagala:
nalipia nafasi, nalipia mbebaji,
nalipia dumu lililomwagika
na matusi ya nahodha juu ya dumu lililomwagika.
Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda,
mbao kumi na nne za mninga, misumari kilo tisa,
pamba, lami, chakula cha fundi
na cha msaidizi wake anayekula kama wawili.
Kila nikijumlisha, jibu linanenepa.
Kaka yangu Gwimo, wa bandarini,
anasema chukua la faiba, jepesi, halijui kuoza:
"Mbao ni ndoa, dada,
na ndoa wewe unaijua."

Kikoba kitanikopesha laki saba.
Sanduku lina kufuli tatu na wanawake watatu.
Mama Tausi, mwenye ufunguo wa pili,
ameuliza swali moja tu:
"Linaelea?"

Ntahondi akasema, boti lililokaa juani miaka minne
lenyewe halijui kama linaelea.
Mbao zimesinyaa kwa kiu.
Usilitie ziwani. Litie ziwa ndani yake.

Basi tukachota, mimi na yeye
na watoto wa Feruzi, kwa ndoo za dagaa,
maji juu ya samadi, juu ya gunia lililooza,
maji mahali ambapo umri mzima wa boti
watu hukazana kuyatoa.
Kisha nikazunguka nje, nimechutama,
kipande cha chaki mkononi,
nikitia alama kila lilipolia.
Kumi na tisa.
Feruzi akatazama vidole vya miguu yake.
"Milioni moja," akasema,
na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Usiku sikulala. Nilisikia tone,
tone,
kumbe bomba la jirani.

Alfajiri nimerudi peke yangu.
Ndani maji yamepungua kiganja.
Nikapita alama kwa kidole, nikigusa moja moja:
kavu, kavu, bichi, kavu.
Saba bado zinalia,
na moja, chini ya taruma la tano, hata haioni aibu.
Lakini kumi na mbili zimefumba mdomo zenyewe,
bila pamba, bila lami,
bila mtu kuzibembeleza.

Sijasema ndiyo.
Gwimo akiuliza, sijasema.
Nimepita tu dukani wakati wa kurudi,
kandambili zimelowa,
nikauliza bei ya rangi nyeupe,
kopo dogo kuliko yote,
linalotosha herufi nne.